Mashine Imesema Kiwanja cha Martha Hakina Mwenyewe

Ndugu yangu Isdori, leo Jumatatu tarehe kumi ndiyo siku waliyonimaliza. Natoka ofisi ya ardhi sasa hivi.

Nilikwenda kuhamisha kile kiwanja cha kule Chanji, cha marehemu mke wangu Martha, kije kwenye jina langu. Dada wa kompyuta akaingiza namba, akasoma: "Hakuna. Baba, hiki hakina mwenyewe."

Hakina mwenyewe. Na mimi nalala pale mwaka wa kumi na tisa huu.

Akaprinti barua ya kusema hivyo hivyo, akagonga mhuri.

Nikamwambia, haya tafuta na cha kwako. Akatafuta. Hakuna. Akacheka: "Aa, kumbe mtandao umekata. Mashine ikishindwa kutafuta huwa inaandika 'hakuna'."

Huwa, Isdori. Wanajua.

Nikasema basi chana hiyo barua. "Siwezi baba, ina mhuri. Msubiri mkuu, yuko semina Mbeya."

Wakubwa wako semina, mimi nimeshakuwa mvamizi kwenye nyumba niliyojenga na mke wangu.

Nilimuuliza jambo moja tu, akamwita anayefuata. Kama mashine imeshindwa, kwa nini isiseme imeshindwa?