Mawe sita haikutosha juu ya Samy

Kolwezi, Manika, tarehe 9 mwezi wa sita 2025

Mpendwa Mama Mudogo Henriette,

Nakusalimia sana. Kasaji muko bazima? Mugongo yako iliacha kuuma? Mi niko muzuri, vumbi tu njo inanikohoza.

Mama, najua haumuitikake tena mutoto wako Samy ku telefone, tangu usikie balimufukuza mu ekipe yetu ya kuchimba juu ya bongo, eti anadanganyaka. Mi niliona yote, njo maana naandika.

Samy alisema mashini ya kupima ya depo, kwenye tunauzishaka, inapunguzaka shaba ya mawe yetu. Tukapima mawe sita pale, kisha ile ile ku mashini ya koperative yetu ya bachimbaji. Mara ine depo njo ilisema chini, mara mbili koperative njo ilisema chini. Shefu wetu Kalonji akacheka: "Ine kwa mbili, ile ni bahati tu! We Samy, rudia Kasaji ulime mihogo ya mama yako."

Lakini kitu moya ilinisumbua. Kama mashini inadanganya kweli, mawe sita ingetuonyesha? Niliogopa shefu, nikauliza Naomie mwenye kusoma ku université, mama yake anatuuzia beignets, zile mandazi. Hakunicheka. Akatia mu ndoo bifuniko ya chupa, nyekundu sitini, nyeupe makumi mbili.

"Nyekundu ni depo kusema chini, nyeupe ni koperative. Hii ndoo njo mashini ya bongo. Shika sita, usiangalie."

Nyekundu ine, nyeupe mbili. Sawa na yetu kabisa! Nikarudisha, nikashika tena: tatu kwa tatu. Kila mara tulipanga mustari chini. Mu mistari kumi, tano nyekundu haikupita ine, haikuonyesha bongo. Kisha nikashika makumi ine, mara tatu. Pale nyekundu ilipita nyeupe mbali, hata mutoto angeona. Akatengeneza ndoo ingine ya mashini ya kweli, nusu kwa nusu; nikashika makumi ine: makumi mbili na mbili kwa kumi na munane.

Nikamuita Kalonji. Akashika ye mwenyewe, akahesabu, akauliza:

"Inaomba mawe ngapi?"

"Makumi ine, tata," nikajibu.

Juzi tukapima makumi ine ku mashini yote mbili. Depo ilisema chini mara makumi tatu na moya. Kalonji akaenda kwa Samy, na mbele ya batu bote akamubebea nyundo yake mpaka ku shimo, kumurudisha mu ekipe.

Salimia Tata Mukalay na yaya Noëlla. Mungu akae na ninyi mu nyumba na mu shamba.

Mama, mutoto wako hakudanganya. Akikuita, umuitike.

Mutoto wa dada yako mwenye kukupenda,
Sadrack Mbayo