Chungu cha Bi Chausiku

Rumonge,
14 Rajabu 1326

Mpendwa Kaka Nasoro,

Salamu nyingi, kuliko hatua za kutoka huku mpaka Tabora. U hali gani? Shemeji Mariyamu je, kifua kimemwacha? Sisi wazima, Alhamdulillahi, na mtoto ameota meno mawili ya kuning'atia.

Najua ulitulilia. Kasongo tulitoka na nguo za mwilini tu, mimi na mume wangu Feruzi, tukiwakimbia askari na kazi yao ya kugema mpira msituni. Tukavuka ziwa, tukashukia huku kwa Mdachi. Watu wa Rumonge walitupa kibanda karibu na michikichi, lakini kwa jicho la pembeni. Wakimbizi waliotutangulia walikuwa wengi, na chakula ni kile kile.

Nami nikaharibu. Jirani yetu Bi Chausiku, mke wa mvuvi, aliniazima chungu. Nilipokwisha kupika nikakisugua masizi ziwani, kama tulivyozoea mtoni kwetu. Kumbe huku ni mwiko! Wavuvi husema masizi hukimbiza samaki. Chombo huoshwa nchi kavu, kwa maji ya kuteka. Ndagala, ndio dagaa wa huku, wakapotea siku tisa. Siku tisa, Kaka, mji mzima unanitazama mimi.

Siku ya kumi wavuvi wakaja kutuambia turudi tulikotoka. Feruzi akaanza kukunja mkeka. Nami nikamfunga mtoto mgongoni, na kurudi kwetu ni kufa.

Ndipo Bi Chausiku akapenya katikati yao, mfupi vile, akasimama mlangoni petu. "Ile chungu iko yangu. Mimi nilimupa, sikumwambia kitu. Mukitaka kufukuza mutu, muanze na mimi!"

Mumewe alikuwa miongoni mwao. Akawa wa kwanza kuondoka, kichwa chini, na wengine wakamfuata. Ndagala walirudi kwa wakati wao, bila kuniuliza.

Leo Feruzi anakamua mawese pamoja na wale wale waliotaka kutufukuza. Nashukuru, Kaka, nashukuru mpaka nalia.

Ijumaa umefika mtumbwi wa wengine kutoka ng'ambo, wamechoka kama sisi siku ile. Wavuvi wakashauriana, kisha wakaniita mimi niwapokee. Mama mmoja akaniuliza mimi ni mwenyeji wa wapi. Nikamjibu, wa hapa. Bi Chausiku alikuwa kando yangu, naye hakubisha.

Kwa hiyo ahsante kwa kutuita Tabora, lakini tutabaki.

Nisalimie Shemeji, mwanao Aziza na mzee Hadji. Mungu awape majirani kama wangu.

Mdogo wako akupendaye,
Zena wa Rumonge