Zamu ya Kukuna Nazi

Ng'ambo, Unguja

Kwa mdogo wangu Mwamvua huko Makunduchi,

Nakusalimu wewe na wanao, hata yule mkorofi. Hapa jirani yetu Mwanapili kaposwa tena, safari hii na fundi cherehani mwenye chongo.

Tangu mume wetu Silima aanguke mkarafuuni kule Kidichi akafa, mimi na mke mwenzangu Biasha tunakaa eda chumba kimoja. Basi yule mwanamke analala, mdogo wangu, na anakoroma. Anakula, anacheka. Mimi chozi halitoki, chakula hakipiti. Zamani nilimwonea wivu zamu zake kwa bwana, sasa namwonea wivu usingizi.

Juzi yuko jikoni anakuna nazi, nikashindwa kujizuia. "Biasha, hivi ulimpenda kweli yule bwana?"

Hakugeuka. "Bi Mkubwa, unadhani kila siku nnakuna mimi kwa kupenda kazi? Hapa ndipo nnapolia. Mbuzi inakwaruza, hanisikii mtu. Nkimaliza, nnapika."

Nikamchungulia, uso umerowa chapachapa. Wivu ukazidi, hata hilo kanitangulia.

Kesho yake nikaiwahi mbuzi mimi. Nililia mpaka nikaogopa tui litaingia chumvi ya machozi, na mchana nikala sahani mbili.

Sasa kila asubuhi tunaigombania. Akitokea mtu wa kuja mjini, mpe aniletee mbuzi ya nazi nyengine. Zamu ya mume niliweza kusubiri, hii siwezi.

Dada yako anayekula,
Mwatum