Metre Kumi Kutoka Mferejini

Kasongo, Jumanne jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane, sasa yamebaki manyunyu. Naandika kwa hasira, na mwandiko huu ni aibu kwa mwalimu.

Ukuta wa mbele wa nyumba yangu unatakiwa uwe umebomolewa kabla ya Ijumaa.

Niandike kwa mpangilio, labda hasira itapungua. Amri ya serikali inajulikana na kila mtu: nyumba mpya isimame metre kumi kutoka ukingo wa mfereji wa barabara, si chini ya hapo. Kiangazi, kabla ya kuchimba msingi, nilipima mara mbili, nikaongeza kiganja kizima juu yake, maana nawajua watu wa serikali. Mimi nafundisha hesabu misheni. Sikuwa tayari kuchekwa kwa ajili ya metre.

Leo asubuhi Mzungu wa serikali akaja na utepe wake wa chuma. Tisa na nusu. Akapima tena. Tisa na nusu.

Nilielewa palepale. Nyumba haikusogea, mfereji ndio uliosogea. Mvua za kwanza ziliuziba ule wa zamani, na baba mkwe wangu, kapita, msimamizi wa watu wanaotengeneza barabara, akawaambia wachimbe mwingine kando yake, upande wa kwangu, kwa kuwa huku udongo ni laini. Hakuomba ruhusa kwa yeyote. Na leo alikuwepo, amesimama nyuma ya Mzungu, kofia mkononi, akitazama miguu yake.

Mzungu akauliza, "Nani alipima hapa?"

Nilimngoja mzee aseme. Nilimngoja mpaka Mzungu akarudia swali. Kwetu mtu hamtaji baba wa mke wake kwa ubaya mbele ya watu, na kapita anayehamisha mfereji bila amri ataishia gerezani. Hayo yote niliyafikiri, huku nikizidi kumtazama.

"Ni mimi, Bwana. Nilikosea."

Mzungu akaamuru ukuta ubomolewe kabla ya Ijumaa. Majirani walisikia yote. Kesho darasa zima litajua kwamba mwalimu wa hesabu hawezi kuhesabu mpaka kumi.

Baba mkwe akaondoka na watu wake bila kuniaga. Hilo linaniuma kuliko ukuta.

Hapana, nadanganya. Ukuta unaniuma zaidi. Veronika atajifungua mwezi huu, mtoto wetu wa kwanza, na tunalala jikoni kwenye moshi. Majani ya kuezekea yamekwisha kukatwa. Zilibaki siku chache tu tuhamie.

Saa sita nilimwambia Veronika kwamba nilikosea kupima. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Akaacha mchi.

"Unanidanganya, Mwalimu. Kamba tulishika sisi wawili. Haiko weye ulikosea."

Akaenda kusimama kando ya barabara, akautazama mfereji, na aliporudi niliona usoni kwamba amekwisha kuelewa kuwa ni kazi ya baba yake. Hakulia. Alisema kesho mapema atakwenda kwake.

"Mutoto huyu ni mujukuu wake. Aseme yeye mwenyewe atalala wapi."

Ningepaswa kumkataza. Mzee akijitaja, atafungwa, na watu watasema mimi ndiye niliyemtuma binti akamfunge baba yake. Asipojitaja, sijui Veronika atamwitaje tena baba. Nilifungua mdomo nimkataze, nikajikuta namuuliza kama mguu bado unamvimba.

Tangu mchana najiuliza kama nilimficha mzee mbele ya Mzungu kwa heshima au kwa woga. Nikijijibu kweli, ni vyote viwili, na woga ulitangulia. Na sasa mke wangu mwenye mimba ndiye anayekwenda kusema lile nililoshindwa kusema mimi, nami nimemwacha aende.

Nimekwisha kuomba ruhusa shuleni. Kesho nitaanza kubomoa kuanzia juu, tofali moja moja, polepole. Naomba Veronika arudi na jibu la baba yake kabla sijafika madirishani.