Mafiga Yako, Mama Zainabu

Mama Zainabu, mke mwenzangu,

Nakuandikia kwa herufi hizi za Kiarabu za chuoni alizonifundisha baba yangu, kwani yaliyo moyoni mwangu nikiyatamka hapa Lisekese, kesho yanazungumzwa kisimani. Salamu sikupi kwanza. Ngoja.

Nakuonea wivu bado. Homa ilikuchukua kule majabalini tulikokimbilia wakati wa vita vya Maji Maji, nikakulilia mpaka sauti ikakauka, na wivu haukuisha. Mume wetu bado anaitwa Baba Zainabu, kana kwamba Omari wangu nilimwokota njiani. Nikipika kisamvu anaonja, kisha anasema, "Mama Zainabu alikuwa anatia karanga." Karanga nizitoe wapi na njaa hii?

Tuliporudi, mtaa wote ulikuwa majivu. Yalibaki mafiga tu, matatu matatu, kila palipokuwa na jiko. Akida akaleta amri tujenge upya kwa mstari mmoja kando ya barabara, ili askari akipita atuone sote. Loo! Sisi ambao milango yetu ilizoea kutazamana, uwanja katikati! Omari akianguka, wewe ulikuwa umeshamwinua kabla mimi sijageuka. Hilo nalo lilinichoma, lakini mtoto aliinuliwa.

Wazee wakakaa shauri, wakamwendea akida kumwomba atuachie mtaa kama ulivyokuwa. Akakubali kwa sharti: siku atakayokuja, kila mwenye nyumba asimame palipokuwa jiko lake. Wakigombea mahali hata watu wawili tu, basi, wote barabarani.

Nami nikafanya nini? Wenzangu walipokwenda porini kuchimba ming'oko, mizizi ya kutulia njaa, niliyang'oa mafiga yako nikayatupa nyuma ya kichuguu, nikayapanga yangu pale pale. Jiko lako lilikaa katikati ya uwanja, penye kivuli, kila mlango ukilitazama. Nilipatamani tangu siku ya harusi yangu. Nikajiambia, marehemu hapiki.

Akida akaja. Nikasimama kwenye mafiga yangu. Mara Zainabu wako akatoka kwa shangazi yake, akaja kusimama ubavuni mwangu. "Hapa ni pa mama," akasema, polepole, vile vile kama wewe. Baba Zainabu akainamisha kichwa. Akida alikwishageuka kutazama barabarani.

Ningeweza kusema mtoto hajui. Neno lilikuwa mdomoni! Nikatazama milango ile isiyokuwapo, nikaona wivu wangu unakwenda kuubomoa mtaa mara ya pili.

"Ni pa mama yake," nikasema. "Mwizi ni mimi."

Nikayafuata mafiga yako kule kichuguuni, moja moja, mara tatu, watu wakinitazama na akida akicheka hadi akashika tumbo. La mwisho nilibeba lile lenye ufa. Unalijua. Siku ile nililipiga kwa mchi kwa hasira, nawe ukaendelea kupikia hilo hilo, na mume wetu hukumwambia.

Akida akasema ugomvi hakuna, tujenge pale pale. Vigelegele! Na unajua walisema nini? "Mama Zainabu huyo, hata kaburini anautunza mtaa." Lahaula! Mawe nibebe mimi, sifa upate wewe!

Basi, nyumba zimeezekwa, milango inatazamana. Zainabu anawasha moto pako, na kila alfajiri nakwenda kwake kuomba kaa la moto, kama nilivyokuja kwako. Jana nilimpelekea karanga konzi moja, nilizozipata Masasi. Nakuahidi, maadamu niko hai, mafiga yale hayahamishwi na mtu. Hata na mimi, na mimi najijua.

Lala salama, mke mwenzangu. Tangu siku ya mchi sikukuamkia tena. Kila asubuhi ulikuwa ukiinua uso ukingoja, mkubwa wangu, nami nikapita kimya, mpaka asubuhi ile ambayo hukuinua uso.

Shikamoo, Mama Zainabu.