Mustang ya Kura Mbili

Salome, shoga yangu mbishi,

Sikuulizi hali. Huko uliko naambiwa hakuna anayeumwa mgongo wala anayebeba maboksi, kwa hiyo wewe ndiye wa kutuulizia sisi. Sisi tupo. Zhanxi, soko letu la viatu huku ugenini, ni ile ile, mkokoteni unakukanyaga vidole halafu mwenye mkokoteni ndiye anayekufokea. Nimekaa chumbani, dirisha wazi, chini barabara ya Huanshi Zhonglu inapiga honi, na nina habari ambayo nisipokuandikia leo itanipasua.

Tumenunua gari.

Kaa kwanza, usianze kubisha.

Unalikumbuka duka la laoban, yule bosi wetu wa magari madogo ya chuma, yale ya kupamba mezani? Utalisahauje! Kila tukimaliza kununua viatu ulikuwa unanivuta mkono, "Twende tukawaone." Kuwaona Mustang, rafu nzima, kila mwaka na umbo lake. Watu walidhani tuna watoto wa kiume nyumbani. Kumbe ni wanawake wawili wa Moshi, wauza viatu, na wazimu wetu wenyewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuyatazama kama viatu. Kwanza geuza uone soli, halafu pua, halafu kisigino. Ya sitini na tano ulisema ni kiatu cha shule, safi, hakuna mguu kinaoukataa. Ya sitini na saba, kipenzi changu, ile ambayo paa lake linateremka taratibu mpaka mkiani, uliiita kiatu cha harusi: "Kizuri, ila kinajua kwamba ni kizuri." Wewe ulikuwa wa sitini na tisa. Taa nne mbele, mdomo umekazwa, buti la kazi. Na mtu akiisifu ya sabini ulimwonea huruma, kwa sababu taa mbili za pembeni ziliondolewa yakabaki matundu ya urembo tu. "Wamemtoboa masikio, hereni wakamnyima." Nikiyaona yale matundu mpaka leo nacheka peke yangu kama kichaa.

Na sheria yetu ilikuwa moja: gari halinunuliwi mpaka tukubaliane sote wawili. Miaka yote ile hatukukubaliana. Laoban alikuwa akituona tu mlangoni anaanza, "Bu mai, bu mai!" Hawanunui hao, leo tena hawanunui. Na kweli hatukununua.

Tulipokuzika nikarudi huku, nikawa napita mbele ya duka lile nimeinamisha kichwa. Sikuweza, Salome. Niingie nikabishane na nani?

Basi wiki iliyopita laoban akanikamata mlangoni. Anafunga duka, anahamia kwa mwanawe huko Foshan, Jumamosi ndiyo mwisho. Akaniwekea mbili juu ya kaunta, sitini na saba na sitini na tisa. Nikanyoosha mkono kwa yangu, nikaona hapana. Huwezi kumshinda mtu ubishi kwa sababu amekufa. Nikaishika yako, nikaona nayo ni uongo, nitakuwa nimekukubalia kwa huruma, na huruma ya mtu wewe ulikuwa huitaki. Nikalia pale pale, mtu mzima, mkononi nina mfuko wa sampuli za ndala. Nilikukumbuka vibaya sana siku ile. Laoban akanimiminia chai, nikanywa, nikaondoka mikono mitupu.

Sasa sikia. Neema yupo huku. Ndiyo, mwanao, amekuja kushika kazi yako. Ananiita mamdogo kwa adabu zote, halafu tukifika kwa wauzaji ananipinga bei mbele yao. Jumamosi tulipotoka kwa wakala kuhakikisha mzigo wetu umekwenda bandarini Nansha, nikamwambia kura ya mama yako sasa ni yako, twende. Nilijua atachagua sitini na tisa. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema sawa, yaishe.

Hata hakuitazama! Alipita rafu nzima, anachukua, anageuza soli, anarudisha. Anageuza soli, Salome, na mimi sikuwa nimemfundisha. Mwisho akasimama na ya sabini na moja. Ile pana, ndefu, ambayo mimi na wewe tulikuwa tunaipita kama vile haipo rafuni.

"Hii, mamdogo."

Nikamwambia, mwanangu, hebu tazama kioo cha nyuma kilivyolala, unaweza kuandaa chai juu yake. Dereva wa gari hili haoni nyuma kabisa.

Akatazama. Akasema, "Kwani nyuma kuna nini, mamdogo? Si anaenda mbele?"

Nilicheka mpaka laoban akaacha kufunga maboksi akaja kuona kuna nini. Halafu nikaichukua. Nikaitazama kama ndiyo mara ya kwanza: boneti ndefu isiyoisha, mgongo umenyooka, nyuma imekatwa ghafla bila kuomba samahani. Na ilinipendeza. Kwa haki kabisa, bila huruma ya mtu. Nikasema nimekubali. Laoban akapiga makofi duka zima likageuka, "Mai le! Mai le!" Wamenunua! Neema akawa anauliza huyu mzee ana nini.

Ni nyekundu. Ipo hapa mezani, Neema ameigeuzia ukutani eti ndivyo inavyopendeza, ikionekana kisigino. Tumeshabishana juu ya hilo tangu asubuhi.

Nilikuwa naogopa kwamba siku nitakayokubaliana na mtu mwingine nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Sivyo, shoga yangu. Nililala vizuri usiku ule.

Pumzika. Mwanao nitakaa naye, nakuahidi, na nitambishia kila siku ya Mungu, asije akadhani simpendi.

Mimi wako,
Eliza