Swali Ulilonilazimisha Kuuliza

Kimbo, Ruiru
Agosti 1999

Mama Zena,

Naondoka Alhamisi. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Barua ya chuo cha Kanada ilifika siku tisa baada ya kukuzika. Zena alipiga simu kwa jirani yetu, akasema kwa sauti yako kabisa, "Ciru, kuja ujisomee mwenyewe." Nimekubaliwa! Ada wanalipa wao, na chakula nitajitafutia kwa kufanya kazi maktaba. Nililia pale dukani kwenu mpaka mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaenda zake.

Duka liko sawa, usiwe na wasiwasi. Zena ameongeza kompyuta ya pili na siku hizi watu wanapanga foleni. Taipureta za marehemu mzee wako amezifunika vizuri, hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Ile simu bado ni moja tu, kwa hivyo mtu akiwa kwenye intaneti, shangazi zenu wote wa Majengo huko Thika wanapiga wanapata haishiki, halafu wanakuja wenyewe kugomba mlangoni.

Unakumbuka nilivyokuja mara ya kwanza? Nilitaka kopi ya cheti changu cha Form Four, basi. Ukauliza ni ya nini. Nikasema nataka kusoma ng'ambo lakini sijui nianzie wapi. Ukanionyesha kiti. Ulisema nije asubuhi kabla ya wateja, nitumie mashine bure, ila kila ninachosoma nikwambie kwa Kiswahili. "Mashine ni yangu na laini ni yangu. Siwezi kukaa hapa kama mgeni."

Basi tukaanza. Mimi kwenye kompyuta, wewe kando yangu na ungo wa mchele, kwa sababu hata baada ya mzee kukuachia duka la kupiga chapa hukuacha kupikia watu harusi. Mimi nasoma habari za maprofesa na maabara, wewe unanikatiza: "Huko kwao mvua inanyesha miezi gani?" Au, "Mtoto akiugua, nani anamkalia hospitali?" Picha zilikuwa zinashuka polepole, paa kwanza, halafu madirisha, nawe unasema, "Paa nimeliona. Nataka kujua nani anakaa chini yake." Haki nilikuwa nachemka. Nikifika nyumbani namwigiza Mama maswali yako, tunacheka mpaka chai inamwagika.

Halafu nikapata kile chuo cha Amerika. Nguzo nyeupe, nyasi, wanafunzi wanatabasamu. Nikajaza fomu, na siku ya nne wakanijibu: pongezi, umekubaliwa. Cheti hawakuuliza. Mtihani hawakuuliza. Walitaka tu nitume pesa kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata. Nilipiga nduru dukani kwako. Jioni nilimwambia Baba, akavua kofia, akakaa chini, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia.

Wewe unajua hali yetu ilivyokuwa. Mshahara wa Baba kule kiwandani ulikuwa unaishia kwa kodi na mkate. Kitu pekee alichokuwa nacho ni lile shamba la Kalimoni alilopewa na baba yake, tunakotoa mahindi na maharagwe. Wiki hiyo hiyo akapata mnunuzi. Wakatembea mipaka pamoja, wakakubaliana, ikabaki kutia sahihi.

Watu wote walinipongeza isipokuwa wewe. Wewe uliuliza, "Wanapikia wapi?"

Nikakueleza kwamba ile ni university, si hoteli. Ukaniambia nifungue kurasa zote, moja baada ya nyingine, na tukazifungua. "Watoto wote hao, na hakuna hata picha ya sufuria moja? Mimi nimepikia watu miaka ishirini. Umati ukikusanyika mahali, jambo la kwanza ni watakula nini. Waulize jana mchana wanafunzi wao wamekula nini. Na wale wa vyuo vingine vinne ulivyokuwa unanisomea, waulize hivyo hivyo." Ngai! Aibu niliyoona! Niliandika zile imeli tano nimenuna, nikabonyeza kutuma kama mtu anayeua mbu.

Amerika walijibu kesho yake. Pongezi, umekubaliwa, harakisha malipo. Chakula hawakutaja. Ukanung'unika, na mimi ndipo nilipofungua mdomo. Wacha niliandike lile neno lilivyokuwa, kwa sababu ndilo linaloniandikisha barua hii. Nilikwambia, "Wewe hata darasa la nne hukumaliza, unajua nini ya university? Unataka tu nibaki hapa nikuchagulie mchele." Zena alikuwa amesimama pale. Nikabamiza mlango, na wiki tatu sikukanyaga dukani kwako.

Siku moja kabla ya Baba kutia sahihi, ulikuja Kimbo. Mvua ilikuwa imenyesha, matope ya kwetu unayajua, na wewe ukaingia uani na viatu mkononi, buibui imelowa mpaka magotini, karatasi za majibu alizochapa Zena umezikunja ndani ya nailoni. Mama akakupa chai. Ukamwambia Baba, "Baba Ciru, mimi sijui kusoma hizi, ndiyo maana nimezileta. Mwambie mtoto atusomee." Hukuniangalia kwa ubaya hata kidogo. Nilitamani ungenitukana.

Nikasoma. Chuo kimoja kilisema nitembelee ukurasa fulani wa bwalo lao. Viwili havikuwa vimejibu. Kutoka Kanada alikuwa ameandika mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi, karatasi nzima: supu ya dengu, kuku, na viazi ambavyo wanafunzi wamevichoka na wameandika malalamiko. Akasema Waislamu wana sufuria zao kando. Akauliza sisi nyumbani tunapenda nini. Mama yangu alicheka kusikia eti Wazungu pia wanachoka na viazi.

Halafu nikafika karatasi ya Amerika, maana ulikuwa umemwambia Zena awaulize tena mara ya pili. Pongezi, umekubaliwa, harakisha malipo. Maneno yale yale, hata mkato haukuhama.

Baba aliichukua ile karatasi, akaigeuza. Kisha akauliza, "Na hawa? Watoto wao hawali?"

Akatoka nje, akasimama karibu na banda la kuku, na aliporudi akasema mnunuzi asije tena. Tungebaki bila shamba, na hicho chuo sijui hata kama kilikuwa na mlango.

Jumatatu nikarudi dukani. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima ya kukuomba msamaha. Ukasukuma kiti kwa mguu, ukasema, "Keti, laini iko wazi." Basi nikaketi. Nikajiambia nitakuomba kesho. Zikapita fomu, mtihani wa Kiingereza, barua za walimu, karibu mwaka mzima wa asubuhi na wewe, na kila siku nikaona bado nafasi ipo. Halafu ikaja presha, ikakuchukua.

Nilipata habari saa sita, na alasiri ulikuwa umeshalazwa kaburini, nyinyi Waislamu hamngojei. Baba alikuja moja kwa moja kutoka Kalimoni na gambuti zake. Hakujua asimame wapi, yeye ni mtu wa kanisa. Mmoja wa wazee wenu akampa sepeto, na Baba akapiga udongo, akapiga, mpaka wakamwambia inatosha.

Nilipokubaliwa walinitumia fomu ya mwisho. Kuna mahali wanauliza ni nani aliyekuelekeza kwetu: gazeti, mwalimu, ubalozi, au mwingine. Nikaandika, Mama Zena, mpishi, Thika. Yule mama wa ofisi ameniandikia nikupe asante yake. Hiyo hapo, nimeifikisha.

Na hii ni yangu. Nisamehe, Mama Zena. Ulijua zaidi yangu, ukatembea kwenye matope kwa ajili ya mtoto aliyekutusi, na hukunidai hata neno. Kila nitakachosoma huko kimeanzia kwenye kile kiti. Asante. Asante sana. Mungu akuweke pema.

Nakuahidi jambo moja. Nikimaliza, nikirudi, barabara ya kutoka Nairobi inapita Kimbo kabla ya kufika kwenu. Mama atakuwa amesimama steji na kanisa zima na ngoma. Nimeshamwambia ukweli: sitashuka. Nitampungia mkono, nipite, nije kwako kwanza. Mama amenuna tangu jana.

Baba amesema yeye atakuwa Thika tayari, ananingojea kaburini kwako.

Wako,
Ciru